Mguso Ulio Chini ya Kumi na Sita

"Hodi humu. Nimekuja kurudisha mbeleko."

Salha Mhando aliinua macho kutoka kwenye mashine yake. Mlangoni pa karakana alikuwa amesimama Bi Mwanakombo, mjukuu wake akiwa ubavuni na kitambaa kikiwa chini ya kwapa. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa, kikapigwa pasi, kikakunjwa vizuri. Mtoto, aliyeitwa Shani, alivaa sweta nene la sufu, kwa maana tangu Kivuli kilipotandazwa mbele ya jua, hata Muheza ilikuwa imejua baridi. Alikuwa akiitafuna ncha ya mtandio wa bibi yake kwa bidii kubwa.

Katika mji wote hakuna mtu aliyewahi kurudisha mbeleko. Hata zamani, kabla vitambaa havijafumwa nyuzi za mguso, mbeleko haikurudishwa. Bwana harusi huitoa pamoja na mkaja ili kumshukuru mama wa binti kwa mgongo uliombeba mkewe. Kuirudisha ni kusema kwamba mgongo ule haukubeba kitu. Hii aliyokuja nayo Bi Mwanakombo ndiyo ile ile aliyopewa siku ya harusi ya binti yake, Rukia. Na Rukia mwenyewe, kabla hajapanda juu kazini, ndiye aliyeileta hapa karakana akaomba itiwe nyuzi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Usinipe kiti. Nikikaa nitaghairi."

"Basi kaa."

Bi Mwanakombo alicheka pasipo kutaka, akaketi. Alikiweka kitambaa mezani, baina yao, na mkono wake ukabaki juu yake.

"Mtoto anaumwa?" Salha aliuliza.

"Huyu? Huyu mke mwenzangu ni mzima kuliko mimi na wewe. Anakula uji kama aliyetoka kulima. Anacheka na kuku, anacheka na jirani, juzi amemcheka imamu. Ila mama yake akimgusa, analia. Siyo kile kilio cha njaa. Anajikunja, anakakamaa, anatazama nyuma kama aliyeshikwa na mtu asiyemjua. Mama yake akiacha, ananyamaza."

"Tangu mwanzo?"

"Mwanzo alikuwa akilala. Nilikuwa nikimbeba mgongoni nikipalia mboga, nasikia kitambaa kinampapasa, taratibu, na yeye anakoroma kama mzee. Nikawa nawaambia watu: tazameni, binti yangu yuko kule kwenye jua na bado anabembeleza mwanawe. Sasa nimekoma kusema."

Salha aliugusa ukingo wa kitambaa. Aliufahamu kila uzi wake, kwa kuwa ndiye aliyesanifu mbeleko za karakana ile na kuandika programu yake yote. Huko juu, mafundi wanaoshona Kivuli, yaani pazia lile refu lililoning'inizwa kati ya dunia na jua ili mvua zirudi, huvaa glavu wakati wa mapumziko. Glavu huhisi mkono unavyobonyeza. Mbeleko, huku chini, hubonyeza vivyo hivyo mgongoni mwa mtoto. Rukia aliitwa wakati Shani hajaanza hata kukaa, pazia lilipochanika na mafundi waliojua kazi ile wakawa wachache. Baba wa mtoto, Mhina, alikuwa zamu Mtwara na hurudi mwisho wa mwezi. Basi mtoto alibaki na bibi na kitambaa.

"Bi, unajua kwamba ukiirudisha nitalazimika kuzikata nyuzi," Salha alisema. "Njia yake ya redio itapewa familia nyingine iliyo kwenye foleni. Zikikatwa haziungiki tena."

"Najua. Niliisikia sheria hiyo siku ya kwanza."

"Na bado umekuja?"

Bi Mwanakombo alimhamisha mtoto kutoka goti moja hadi jingine. Sauti yake ilishuka.

"Nisikilize, Salha. Mtoto akimsahau mama, atamzoea upya. Nimeona watoto waliolelewa na shangazi, mama akarudi, wakazoeana. Lakini huyu hamsahau mamaye. Huyu anajifunza kumwogopa. Sitaki mwanangu ashuke toka huko, anyooshe mikono, na mtoto akimbie kwa sababu anaijua mikono ile kama maumivu. Afadhali asiijue kabisa."

Salha alikikunjua kitambaa, akamwomba Bi Mwanakombo ambebe mtoto kama abebavyo siku zote. Mwanamke yule alimweka Shani mgongoni, akazungusha kitambaa, akafunga fundo kifuani, fundo legevu lililoacha nafasi ya mkono mzima kupita. Wakasubiri. Mchana ule ulikuwa ndio wakati wa mapumziko ya Rukia, na haukupita muda nyuzi zikaanza kusogea.

Salha alikuwa amepitisha kiganja chake ndani ya kitambaa, kati ya uzi na sweta. Mbano uliomshika ulikuwa mkali na wa ghafla, ukaachia, ukashika tena. Mbeleko haikuweza kumdhuru mtoto, kwani ilitengenezwa isivuke kiasi fulani. Lakini mguso wa mama haukuwa hivi. Huu ulikuwa mshiko wa mtu anayevuta gunia.

Shani alikakamaa, akageuza shingo, akatazama nyuma. Kisha akaangua kilio.

"Umeona?" Bi Mwanakombo alisema huku akifungua fundo kwa haraka, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Nipe mpaka alasiri."

"Nitaswali alasiri nyumbani. Kabla ya hapo niko pale nje, kwenye benchi. Baada ya hapo kitambaa kinabaki mezani."

* * *

Ilikuwepo sheria moja ambayo Salha aliiandika mwenyewe na kuibandika ukutani: mfumaji hasomi mguso wa mtu. Namba za mkono wa mama akimpapasa mwanawe si mali ya karakana. Zinapita, hazitazamwi. Kwa hiyo, kabla ya kufungua chochote, alimwita Rukia kwa redio.

Sauti huchukua muda kufika huko na muda mwingine kurudi. Ukiuliza swali, unaweza kukoroga kikombe cha chai kabla jibu halijakufikia.

"Dada Salha?" Rukia alisema hatimaye. "Kuna nini? Shani?"

"Shani ni mzima. Mama yako yuko hapa naye. Mtoto analia ukimgusa, na nadhani kosa liko kwenye programu. Ili nilitafute, nahitaji kuziona namba zako. Sitazitazama bila ruhusa."

Ukimya ulizidi muda wake wa kawaida.

"Huwezi kulitafuta bila kuziona?"

"Siwezi."

Salha alisikia mlio wa feni za kituo.

"Zitazame," Rukia alisema. "Lakini mama asijue utakachokiona. Niahidi."

"Kwangu halitatoka neno. Nakuahidi."

Namba zilipofunguka kwenye kioo, Salha alizisoma mara moja, akazisoma tena. Glavu hupima nguvu ya mkono kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano. Mkono wa mtu mzima anayempapasa mtoto kwa upole hutoa arobaini, hamsini, wakati mwingine themanini. Mbele yake palikuwa na nane. Tisa. Saba. Kumi na moja. Sita.

"Rukia," alisema polepole, "mkono wako una nini?"

Chai ingekorogwa, ikapoa.

"Ni ile mashine ya kushonea. Inatetema. Unaishika zamu nzima, na ukiiachia unahisi bado inatetema ndani ya mifupa. Kwanza ilikuja ganzi ya vidole. Sasa hata kijiko nakishika kwa mikono miwili. Daktari wa hapa ameniondoa kwenye mashine hiyo. Anasema nikishuka, nikipumzika, huenda nguvu zikarudi. Amesema huenda. Sijamwambia mama. Alinikataza nisije. Alisimama mlangoni akanikataza."

Salha hakusema pole wakati ule, kwa kuwa jicho lake lilikuwa limeshakwama mahali pengine. Namba hizo, nane na tisa, zilikuwa ndogo mno. Sasa, zilipofika huku chini ziligeukaje kuwa mshiko wa gunia?

Aliifungua sehemu ya programu inayokaa ndani ya glavu, ile iliyoandikwa kwa lugha ya C. Njia ya redio inayopita mbele ya jua imejaa kelele, nayo huaminika kwa alama chache tu zisizochanganyikana: tarakimu sifuri hadi tisa, na herufi A hadi F. Jumla yake ni kumi na sita. Kwa hiyo namba ya mkono haisafiri kama ilivyo. Hugawanywa kwa kumi na sita. Jibu huwa alama ya kwanza, baki huwa alama ya pili. Mia moja na arobaini ukiigawanya hivyo unapata nane, na baki ni kumi na mbili, ambayo huandikwa C. Basi husafiri kama 8C, na mbeleko huku chini huchukua alama mbili mbili, ikazirudisha kuwa namba, ikabonyeza.

Na mistari yenyewe, aliyoiandika kwa mkono wake, ilikuwa hii:

if (n > 15) tuma(alama[n / 16]);
tuma(alama[n % 16]);

Aliitazama kwa muda. Aliikumbuka siku alipoongeza lile sharti la mwanzo. Kila alama inayotumwa hula umeme wa kituo, na namba isiyozidi kumi na tano ukiigawanya kwa kumi na sita alama yake ya kwanza ni sifuri. Sifuri iliyo mbele ya namba haina uzito. Ndivyo kila mtoto anavyofundishwa tangu darasa la kwanza, na ndivyo Salha alivyofundishwa. Basi akaiondoa, akafurahi kuokoa umeme. Katika majaribio walitumia mikono ya watu wazima, wazima wa afya, na hakuna aliyebonyeza kwa udogo kama huu.

Rukia alipompapasa mwanawe kwa nane, kisha kwa tisa, glavu ilituma 8, ikatuma 9. Mbeleko, iliyozoea kuchukua alama mbili mbili, ilizichukua zote pamoja: 89. Nane mara kumi na sita, ongeza tisa. Mia moja thelathini na saba. Miguso miwili laini ilishikamana njiani ikafika ikiwa mbano mmoja mkali.

Salha alieleza yote hayo kwa redio, kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza. Alisema pia kwamba sharti lile aliliandika yeye.

Jibu lilipofika, kwanza lilikuwa pumzi tu.

"Waliniambia analia," Rukia alisema. "Mhina aliniambia. Nikadhani namgusa kwa nguvu. Nikazidi kumgusa polepole. Kila alipolia nikapunguza tena, dada Salha. Kila alipolia nikapunguza."

Salha alijifunika uso kwa viganja. Kisha alishusha mikono, akalifuta sharti, na mistari ikabaki hivi:

tuma(alama[n / 16]);
tuma(alama[n % 16]);

Sasa nane ingesafiri kama 08, na tisa kama 09, kila moja na sifuri yake, na hakuna ambayo ingeshikamana na mwenziwe. Aliituma juu. Glavu ikaipokea.

"Nimetengeneza," alisema. "Gusa kidogo, nijaribu."

Kwenye kona ya meza palikuwa na kipande cha mbeleko cha majaribio. Alikizungusha mkononi mwake, juu ya ngozi, akasubiri. Kilichokuja kilikuwa kidogo mno hata hakujua kama kimekuja. Kilikuwa kama mtu aliyepumua karibu na mkono wake, akaondoka.

"Umesikia?" Rukia aliuliza.

"Nimesikia."

"Usinidanganye. Hapo ulipo umetega mkono, umenyamaza, unasubiri. Shani ana sweta. Shani anacheza. Atasikia nini?" Sauti yake ilianza kukimbia. "Zidisha, dada. Unaweza. Namba zangu zizidishe kwa kumi kabla hazijatumwa. Nane iwe themanini. Mama atasikia mkono wa binti yake, mtoto atalala, na mimi nitakaporudi nitakuwa nimeshapona. Hakuna atakayejua."

Ni kweli, Salha aliweza. Ulikuwa mstari mmoja, mfupi kuliko yote aliyoandika siku ile. Vidole vyake viliuandika hata kabla akili haijakubali:

n = n * 10;

Akautazama, hakuutuma. Nje, kupitia dirishani, alimwona Bi Mwanakombo kwenye benchi, akimrusha Shani juu na kumdaka. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa tena pembeni yake. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, kama lilivyo siku zote tangu Kivuli.

Alijua kwamba mstari ule ungeziba tundu lote. Na alijua kingine: kwamba Shani angelala siku baada ya siku chini ya mkono ambao haupo popote. Nguvu ingekuwa ya mashine, na jina tu lingekuwa la mama. Siku Rukia atakaposhuka na kumgusa kwa mkono wake halisi, mtoto angeutazama mkono ule dhaifu kama wa mgeni.

"Mimi naandika kinachoupeleka mkono," alisema. "Siandiki mkono, Rukia."

"Ni rahisi kusema ukiwa una mkono."

Maneno hayo yalimfikia Salha barabara.

"Akizoea mkono wa uongo," Rukia aliendelea, "si afadhali kuliko kukosa mkono? Mama yuko hapo nje na kitambaa changu. Akikiacha, mmekata. Nitakuwa nimezaa mtoto nikamwona kwenye picha."

"Najua."

"Basi?"

Salha aliwaza kabla ya kusema, kwa sababu alitambua kwamba mguso ule ulikuwa wa Rukia na wala si wake, wala si wa karakana.

"Tujaribu kwanza ulio wa kweli. Mara moja tu. Mstari wa kuzidisha uko hapa mbele yangu, tayari. Usipofika kwa Shani, sema neno, nitautuma, na nitakwenda nao kaburini. Lakini mpe kwanza nafasi ya kukujua jinsi ulivyo."

Chai ikakorogwa. Ikakorogwa tena.

"Mara moja," Rukia alisema.

* * *

"Umechelewa," Bi Mwanakombo alisema alipoitwa ndani. "Nimeshaanza kuzungumza na mbuzi wa jirani. Ana busara kuliko shemeji zangu."

"Kosa nimelipata, Bi. Lilikuwa langu. Binti yako hakuwahi kumbana mtoto; alikuwa akimpapasa, na programu yangu ikaharibu. Naomba umbebe mara moja zaidi."

Bi Mwanakombo alimtazama kwa muda, kama apimaye kitambaa dukani. Kisha alimweka Shani mgongoni, akafunga lile fundo lake legevu. Salha aliifungua njia. Redio ilikuwa wazi mezani; Rukia alikuwa akisikiliza huko juu na hakusema kitu. Kwenye kioo alama zilianza kupita. 08. 07. 09.

Shani hakulia.

Lakini pia hakufanya kingine. Alichezea hereni ya bibi yake. Alimwonyesha Salha kidole. Alipiga chafya. Namba zilipita, zikapita, na mgongo wa mtoto haukujua lolote.

"Hajaanza?" Bi Mwanakombo aliuliza.

"Ameshaanza."

"Mimi sisikii kitu."

Kidole cha Salha kilikuwa juu ya kitufe. Alisubiri sauti kutoka redioni, na alijua itakavyosema. Bi Mwanakombo alikunja uso, akafungua fundo, akamkalisha mtoto mezani, akakichukua kitambaa kwa mikono yote miwili. Alikishika kwanza kiganjani. Kisha alikiinua, akakibana shavuni, chini kidogo ya sikio, pale ngozi ya mtu mzima inapobaki laini. Akafumba macho.

"Huu mkono una nini?" aliuliza, na hakufumbua macho.

"Swali hilo sina ruhusa ya kulijibu, Bi. Mwenyewe yuko hapo kwenye redio. Muulize."

Bi Mwanakombo aliisogelea redio, kitambaa kikiwa bado shavuni.

"Rukia."

Walingoja.

"Abee, mama."

"Mkono una nini?"

Walingoja tena. Shani alikuwa ameinua kichwa aliposikia sauti ile, akawa anaitafuta chini ya meza.

"Umechoka, mama."

"Umechoka au umekufa?"

"Umechoka. Vidole vimepata ganzi. Daktari anasema huenda vikapona. Nimekuficha, mama, kwa sababu ulinikataza nisije."

"Nilikukataza," Bi Mwanakombo alisema. "Nilikukataza pia kupanda mchungwa, ukapanda. Nikakukataza kuolewa na mtu wa zamu za mbali, ukaolewa. Lini ulinisikia hata uanze kuogopa leo?" Alipangusa pua kwa ncha ya mtandio. "Ulipokuwa mdogo ulikuwa hivi hivi. Ukisinzia mgongoni mwangu, ulikuwa ukinigusagusa hapa begani kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka usingizi ukuchukue. Nilikuwa nikisikia vizuri sana. Unajua kwa nini nilikuwa nikisikia?"

Hakulisubiri jibu. Lilikuwa bado safarini.

"Salha, nishikie huyu mke mwenzangu. Mvue hilo sweta."

Salha alimvua. Shani alipinga kwa miguu yote miwili. Bi Mwanakombo alimpokea, akamweka kifuani badala ya mgongoni, tumbo kwa tumbo, akaupitisha upana wa kitambaa juu ya ngozi tupu ya mgongo wa mtoto. Alivuta ncha moja, akavuta ya pili, akakaza, kama wanavyokazwa watoto wachanga siku za mwanzo wanapotakiwa kudhani kwamba bado hawajatoka tumboni.

"Nilikuwa nafunga legevu," alisema, akipiga fundo, "maana kitambaa chenyewe kilikuwa kinabana. Sasa kama hakibani, nitabana mimi. Yeye aguse tu."

Redio ilileta sauti iliyochelewa. "Kwa nini ulikuwa ukisikia, mama?"

"Kwa sababu nilikuwa nimekukaza," Bi Mwanakombo alijibu. "Gusa."

08. 06. 08.

Shani aliacha kurusha miguu. Aligeuza shavu, akalilaza kwenye mfupa wa kifua cha bibi yake. Mkono wake mmoja, uliokuwa umekunja ngumi, ulifunguka kidole baada ya kidole. Alitazama ukuta pasipo kuuona. 07. 07. 09. Kila namba ilipopita, kope zake zilishuka kidogo, kama mtu anayeitika.

"Analia?" Rukia aliuliza.

Bi Mwanakombo alikuwa akiyumba taratibu, mguu huu, mguu ule. Shani alishusha pumzi ndefu iliyomtikisa mwili mzima, akafumba macho.

"Mama, niambie. Analia? Dada Salha, nizidishie basi. Nizidishie."

"Nyamaza," Bi Mwanakombo alinong'ona kwenye redio. "Utamwamsha."

Neno lile liliondoka, likapanda, likachukua muda wake. Kisha kutoka huko juu kikaja kicheko kidogo kilichochanganyika na kwikwi, kikazimwa haraka, kama cha mtu aliyejiziba mdomo kwa mkono.

Salha alirudi kwenye mashine. Mstari wa kuzidisha ulikuwa bado unangoja. Alimtazama Rukia pale asipoweza kuonekana, yaani kwenye ile redio tupu, akauliza kwa sauti ya chini, "Niufute?"

"Ufute," Rukia alijibu wakati ulipofika.

Akaufuta.

Adhana ya alasiri ilisikika kutoka msikitini, na Bi Mwanakombo hakuondoka. Aliketi kitini kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji, mtoto akiwa kifuani, na kitambaa hakikurudi mezani. Walikaa hivyo, wanawake wawili, wakizitazama alama zikipita. 06. 05. Zilianza kupungua. 03. Halafu ikawa 01, ikapotea, ikarudi 01, kwa mwendo mmoja usiobadilika, na Salha ilimchukua muda kuelewa kwamba hakuna tena aliyekuwa akibonyeza. Glavu ilikuwa ikihisi mapigo ya damu kwenye ncha ya kidole kilicholala.

"Mbona imekuwa hivyo?" Bi Mwanakombo aliuliza kwa wasiwasi.

"Amelala, Bi. Amelala na glavu mkononi."

"Na hii moja ni nini?"

"Ni moyo wake."

Bi Mwanakombo aliweka kiganja juu ya mgongo wa mtoto, juu ya kitambaa, akakituliza hapo mpaka naye akaisikia. Kisha alimgeukia Salha, akaweka kidole mdomoni.

"Basi tuseme polepole," alisema. "Wamelala wote wawili."